Jembe Lilizaliwa Hapa: Kisa cha Wahunzi wa Unyiha na Viwanda Vilivyowafuata



Chukua jembe lolote la mkono linalolima leo katika kata ya Mbebe, wilayani Ileje, mkoa wa Songwe. Lifute udongo, uligeuze, utafute chapa. Ukiiona (maana nyingine hufutika baada ya msimu mmoja), kuna uwezekano mkubwa itakupeleka China au India. Jembe hilo limesafiri baharini, limeshushwa bandarini, limepakiwa kwenye lori, limepanda Kitonga, limepita Mbeya, limefika kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na kutoka hapo limepanda bodaboda hadi kijijini. Jembe lina nauli kuliko baadhi yetu!

Sasa, hilo peke yake si dhambi. Dunia nzima inanunua vitu vya China. Kinachonikereketa ni kwamba jembe hili linauzwa katika nchi ambayo miaka 130 iliyopita ilikuwa inatengeneza majembe yake yenyewe, kuanzia kwenye udongo hadi kwenye mpini. Vijana wengi wa rika langu tuliosoma shule za kata, za misheni na hata chuo kikuu tumefundishwa mapinduzi ya viwanda ya Uingereza kwa undani, lakini muulize mmoja wetu nani alikuwa anafua chuma Mbozi na Ileje, atakukodolea macho.

Basi leo nataka tuongelee historia ya kiwanda cha zana katika kona hii ya nchi. Ni kiwanda kilichokufa, kikafufuliwa, kikafa tena, na sasa kinatafuta namna ya kufufuka kwa mara nyingine.

Tuanze na jambo ambalo watu wengi wanalijua juu juu. Mbozi kuna kimondo. Kipo Ndolezi, kwenye kilima cha Marengi, kina urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Kwa sehemu kubwa, takriban asilimia 90, ni chuma, na inayobaki ni nikeli kwa zaidi ya asilimia 8 pamoja na chembe za madini mengine. Vitabu vya watalii vinasema "kiligunduliwa" mwaka 1930 na mpima ardhi aitwaye W. H. Nott. Wenyeji, ambao walikuwa wakilichungulia jiwe hilo vizazi na vizazi, nadhani walicheka sana.

Kimondo hicho ndicho kinachopigwa picha. Lakini chuma kilichowalisha watu wa Unyiha hakikutoka angani. Mwaka 1930 huo huo, mtaalamu wa Idara ya Jiolojia alipotaka kukata kipande kidogo tu cha kimondo kwa uchunguzi, ilikuwa kazi ya kutoa jasho kwa msumeno. Mhunzi wa kale asingeweza kuishi kwa kukwangua jiwe kama hilo. Yeye alichimba mtapo, yaani udongo na mawe mekundu yenye chuma, ambayo nyanda hizi za kusini zimejaliwa kuwa nayo. Siri ilikuwa ni kumtoa chuma ndani ya jiwe.

Namna walivyofanya tunaijua vizuri kiasi, kwa sababu watu kadhaa waliwahi kuiandika kabla wazee waliokuwa wakiifanya hawajaisha. Kwa upande wa Wafipa, majirani wa magharibi, kuna makala ya Greig ya mwaka 1937 na za Wise za mwaka 1958 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Kwa Wanyiha wenyewe kuna kazi ya akina Brock iliyochapishwa mwaka 1965. Na katika miaka ya 1990 Mtanzania mwenzetu, mwanaakiolojia Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliichimbua Ufipa na kuonyesha kwamba ufundi wa chuma huko haukuwa wa aina moja. Zilikuwapo aina kadhaa za tanuru, zikifuatana na nyingine zikiishi pamoja, kwa mamia ya miaka. Yaani palikuwa na mabadiliko ya teknolojia, kinyume cha ile picha ya babu aliyekaa chini ya mti akifanya kile kile alichofanya babu yake.

Tanuru kubwa ya Ufipa, ambayo Wafipa waliita ilungu, wingi malungu, ilijengwa kwa udongo wa kichuguu na kusimama karibu mita 3. Simama ukiwa umembeba mtu mabegani, hapo utapata picha. Chini kabisa palikuwa na matundu yaliyotiwa mabomba ya udongo. Ndani ilipangwa miti, mkaa na mtapo kwa tabaka. Jambo la ajabu ni kwamba tanuru hii haikuvukutwa. Urefu wake wenyewe ulivuta hewa kutoka chini kwenda juu, kama bomba la moshi linavyovuta, na moto ukala siku kadhaa bila mtu kushika mvukuto. Kazi ya mvukuto ilikuja baadaye, kwenye tanuru ndogo, ambako donge la chuma lililojaa takataka lilichomwa upya na kusafishwa. Hapo ndipo mhunzi alipolipokea, akaliweka kwenye fuawe ya jiwe na kulifua hadi likawa bapa lenye mkia uliochongoka, ule unaochomekwa kwenye kichwa cha mpini.

Naomba tuliweke akilini jambo moja, maana ndilo litakalotusaidia huko mbele. Palikuwa na kazi mbili tofauti. Kazi ya kwanza ni kuyeyusha, yaani kupata chuma kutoka kwenye mtapo. Kazi ya pili ni kufua, yaani kukigeuza chuma kuwa jembe, shoka, mkuki, kisu. Wa kwanza alihitaji watu wengi, kuni nyingi, msimu wa kiangazi na mtaalamu wa dawa na miiko. Wa pili alihitaji kibanda, moto, nyundo na kijana wa kuvukuta. Kiwanda kilikuwa na idara mbili, na kila idara ilikufa kwa wakati wake.

Halafu kuna soko. Jembe halikuwa zana ya kulimia peke yake. Lilikuwa mali. Lililipiwa mahari, lilitolewa fidia, lilitunzwa ndani kama tunavyotunza pesa benki. Liliuzwa mbali pia. Huko Tabora, mwishoni mwa karne ya 19, ilikadiriwa kwamba majembe kama 150,000 yalikuwa yakiuzwa kwa mwaka mmoja. Hebu soma tena namba hiyo. Majembe laki moja na nusu, yote yametengenezwa na wahunzi wa bara, yakibebwa kichwani kwa mamia ya kilomita. Mtu akikwambia Waafrika hawakuwa na viwanda kabla ya mkoloni, mpe namba hiyo aende nayo nyumbani.

Kilichoua ni nini? Wengine hupenda kusema Wajerumani walipiga marufuku. Historia haijanyooka hivyo. Kilichokuja kilikuwa ni mchanganyiko wa mambo, na kila moja peke yake lingeweza kuvumilika.

La kwanza ni bei. Mwaka 1856 Mwingereza Henry Bessemer alisajili mbinu ya kutengeneza chuma cha pua kwa wingi na kwa haraka. Kufikia mwisho wa karne hiyo, viwanda vya Ulaya vilikuwa vinatapika chuma. Mji mmoja wa Uingereza, Wolverhampton, ulikuwa na kampuni iitwayo Chillington ambayo ilipata umaarufu Afrika kwa majembe yake ya chapa ya mamba. Jembe la namna hiyo likiingia dukani pwani, likapanda reli, likafika bara, mhunzi aliyetumia wiki nzima na miti ya mlima mzima angelipiku kwa bei gani?

La pili ni nguvukazi. Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1898, na ilidaiwa kwa fedha. Vijana wakaondoka kutafuta fedha: kubeba mizigo, kulima mashamba ya walowezi, na baadaye kuchimba dhahabu Lupa huko Chunya, au kuvuka mpaka kwenda kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Na wanaondoka lini? Kiangazi, baada ya mavuno. Ndiyo miezi ile ile ambayo tanuru ilihitaji wakata miti, wachoma mkaa na wachimba mtapo. Tanuru ikabaki na wazee.

La tatu ni imani. Uyeyushaji ulifungamana na miiko. Wakati wa kazi wanaume walijitenga na wake zao, dawa ziliwekwa chini ya tanuru, na tanuru yenyewe Ufipa ilichukuliwa kama mwanamke anayetarajia kuzaa. Wamisheni wa Moravian waliofungua kituo Mbozi mwanzoni mwa utawala wa Wajerumani hawakuja kupiga vita chuma. Lakini mtu aliyebatizwa ambaye anaona haya kuingia kwenye kambi ya dawa hawezi tena kuwa fundi wa tanuru, kwa kuwa ufundi na dawa vilifundishwa pamoja. Ukivunja kimoja, kingine kinaanguka.

Ndivyo uyeyushaji ulivyonyauka taratibu katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Watafiti walipofika miaka ya 1930 hadi 1960, walikuwa wanaomba wazee waonyeshe kwa mfano kazi ambayo ilishaachwa.

Lakini ngoja, mhunzi hakufa! Hapa ndipo zile idara mbili zinapotusaidia kuelewa. Mhunzi aligundua kwamba hahitaji tena tanuru. Alikuwa na chuma cha bure kinachozagaa: majembe yaliyochakaa, vyuma vya magari, baadaye springi za malori na vipande vya reli. Akaendelea kufua. Mpaka leo, ukienda kwenye minada mingi ya mikoa ya kusini utawakuta wahunzi na mafundi wa kuchomelea wakiuza visu, mundu, shoka na majembe yaliyozaliwa kutokana na springi za gari. Kwa hiyo tulipoteza mama wa kiwanda, tukabaki na mtoto. Na mtoto huyo tangu siku hiyo anaishi kwa chuma cha wengine.

Sasa tuje kwenye ufufuo wa kwanza.

Baada ya Uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, suala la nani anatengeneza jembe likawa suala la siasa. Nchi ya wakulima inaagizaje jembe kutoka ng'ambo? Tazama nembo ya Taifa, utaona jembe na shoka. Tazama bendera ya CCM ya mwaka 1977, utaona jembe na nyundo. Katika bendera vimelazwa pamoja vizuri kabisa. Swali la kiuchumi lilikuwa: je, nyundo yetu inaweza kulitengeneza jembe letu?

Serikali ilijaribu kwa nguvu. Kwa msaada wa China, Dar es Salaam ikapata kiwanda cha Ubungo Farm Implements, maarufu kama UFI, kilichoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Huko Mang'ula, Kilombero, Wachina waliojenga reli ya TAZARA kati ya mwaka 1970 na 1975 walikuwa na karakana kubwa ya kutengeneza vifaa vya ujenzi wa reli. Reli ilipokwisha, karakana ikageuzwa kiwanda cha mashine chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC. Na mjini Mbeya, makao makuu ya mkoa ambao wakati huo ulibeba Mbozi na Ileje zote, kikajengwa kiwanda ambacho jina lake halihitaji mkalimani: Zana za Kilimo, kwa kifupi ZZK. Kilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kikitengeneza majembe ya mkono, plau na zana nyingine.

Fikiria maana yake kwa mkulima wa Ileje. Kwa mara ya kwanza tangu tanuru zizimike, jembe lilikuwa linatoka mkoani kwake. Mtoto wa mhunzi aliweza kuajiriwa kwenye mashine za kukata na kufua chuma, akavaa ovaroli, akapokea mshahara. Wakati huo wimbo wa taifa zima ulikuwa kilimo. Tamko la "Siasa ni Kilimo" lilitolewa Iringa mwaka 1972, na mojawapo ya madai yake lilikuwa kwamba mkulima atoke kwenye jembe la mkono aende kwenye jembe la kukokotwa na ng'ombe. ZZK ilikuwa mahali sahihi, maana Mbozi ilikuwa tayari na wakulima wanaolima kwa maksai.

Lakini kiwanda hiki kilizaliwa wakati mbaya sana. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimekausha hazina. Bei ya mafuta ilipanda dunia nzima mwaka 1979. Fedha za kigeni zikawa adimu kuliko sukari, na wale waliokuwa watu wazima miaka hiyo wanajua sukari ilikuwa adimu kiasi gani. Na ZZK, pamoja na jina lake la Kiswahili na wafanyakazi wake wazalendo, ilikula chuma. Chuma hicho kilitoka nje. Kiwanda kilikuwa na uwezo wa kutengeneza majembe, lakini uwezo wa kupata bamba la chuma ulikuwa mikononi mwa Benki Kuu na mgawo wa dola. Mkulima anasubiri mvua, kiwanda kinasubiri kibali.

Mnaona? Ni kisa kile kile. Tulifufua idara ya kufua, hatukufufua idara ya kuyeyusha. ZZK ilikuwa mhunzi mkubwa mwenye umeme, anayetegemea chuma cha wengine kama yule mzee wa springi za lori. Tofauti ni kwamba mzee wa springi hakuhitaji dola.

Kisha upepo ukageuka. Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti ya kuingiza bidhaa, na mwaka 1986 tukakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Maduka yakajaa. Tusidanganyane, watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Mtu aliyekuwa akipanga foleni ya sabuni hawezi kulaumiwa kwa kushangilia duka lililojaa. Lakini majembe ya nje yaliingia pia, na viwanda vya umma vilivyokuwa na mashine chakavu, madeni na gharama kubwa vikajikuta kwenye ringi na bingwa wa dunia. Miaka ya 1990 ikaja na ubinafsishaji. UFI, Mang'ula na ZZK zote zikaingia katika historia ile ndefu tunayoifahamu, ya viwanda vinavyobadili mikono huku mashine zikinyamaza.

Wakati huo huo, kuna kitu kidogo kilikuwa kinafanyika vijijini ambacho hakikupata vichwa vya habari. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ulianzishwa mradi wa wanyamakazi wa Mbeya, ambao kwa Kiingereza uliitwa Mbeya Oxenization Project, kwa fedha za Canada. Watu wake walihangaika na mambo yasiyo na mbwembwe: mkokoteni wenye ekseli nzuri, palizi la kukokotwa, nira isiyomuumiza ng'ombe, fundi wa kijijini anayeweza kurekebisha plau bila kusafiri kwenda mjini. Na SIDO, lile shirika la viwanda vidogo lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, lilikuwa likifundisha na kukopesha mafundi mikoani. Miradi hii nayo ilikuwa na matatizo yake. Lakini fundi aliyejifunza kutengeneza ekseli hakubinafsishwa. Alibaki na ujuzi wake, akaenda nao nyumbani, akamfundisha mdogo wake.

Ndiyo maana nasema, tunapoongelea ufufuaji wa kiwanda tuulize kwanza: kiwanda ni nini? Ni jengo? Ni mashine? Ni hati ya ardhi? Au ni watu wanaojua?

Tuangalie mfano wa mbali kidogo. Japani kuna miji miwili midogo iliyopakana, Tsubame na Sanjo, katika mkoa wa Niigata. Karne ya 17 wakulima wa huko, waliokuwa wakisumbuliwa na mafuriko, walianza kufua misumari kama kazi ya ziada. Kazi ikakua kwa zaidi ya miaka 200. Kisha, nusu ya pili ya karne ya 19, misumari ya viwandani kutoka Ulaya ikaingia na kuua soko lao, karibu sawa na jembe la mamba lilivyowakuta wahunzi wetu. Hawakufukuzana na misumari. Walihamisha mikono yao kwenye vyombo vya shaba, mikasi, patasi, visu, na mwanzoni mwa karne ya 20 wakaanza kufua vijiko na uma kwa ajili ya Wazungu, vitu ambavyo wenyewe walikuwa hawalii chakula navyo! Leo miji hiyo ni jina kubwa duniani kwa vyombo vya mezani na zana za mkono. Msumari ulikufa, mfua misumari akabaki.

Nimetaja Japani nikijua kuna mtu atasema sisi si Wajapani. Sawa. Basi tuangalie jirani. Ng'ambo ya mto Songwe, Malawi, ambako watu wa Ileje huvuka kwenda sokoni na kuoana, kiwanda cha Agrimal cha Blantyre kilitengeneza majembe kwa miaka mingi, kwa muda kikiwa na ubia na hao hao Chillington. Nchi masikini kuliko yetu, isiyo na bandari, ilitengeneza jembe lake.

Na hapa nyumbani kuna dalili. Wilayani Hai, Kilimanjaro, kilijengwa kwa msaada wa Bulgaria kiwanda cha mashine na vipuri, KMTC, kilichofunguliwa miaka ya 1980. Miaka ya 1990 kilisimama, kikawa miongoni mwa majengo yale ambayo mzazi hupita na mtoto na kumwambia "hapa zamani palikuwa kiwanda". Miaka ya karibuni NDC imekifufua, na katika mipango yake jambo lililopewa uzito ni kuwa na tanuru la kuyeyushia chuma. Mimi hilo la tanuru ndilo lililonifanya nikae vizuri kwenye kiti. Mtu ameikumbuka idara ya kwanza.

Sasa turudi Songwe, mkoa uliozaliwa mwaka 2016 kutoka Mbeya. Hebu tuhesabu tulichonacho. Makaa ya mawe ya Kiwira yako Ileje. Mtapo wa chuma wa Liganga, Ludewa, unakadiriwa kufikia tani milioni 126, na hauko mbali sana na nyanda hizi. Reli ya TAZARA inapita Vwawa na kuvuka mpaka Tunduma. Tunduma yenyewe ni mlango wa kwenda Zambia na Congo, na Isongole ni mlango wa Malawi. Wateja wa jembe wapo pande zote nne za dira. Halafu tunao mafundi wanaogeuza springi kuwa shoka bila kuelekezwa na mtu.

Hata hivyo, kuna hoja ya upande wa pili ambayo lazima tuijibu kwa uungwana. Mama wa Mbebe mwenye ekari moja ya mahindi na kahawa kidogo hana deni kwa fundi wa Mbeya wala kwa uzalendo wangu mimi ninayeandika. Jembe la nje likiwa rahisi, ni pesa inayobaki mfukoni mwake kwa ajili ya mbolea na ada. Tukiweka ushuru mkubwa ili kumlinda fundi, anayelipa ni huyo mama. Tukajifunze kwa ZZK: kumlazimisha mkulima anunue bidhaa kwa sababu tu ni ya kwetu ni kumkopa bila kumwambia lini utamlipa.

Hoja hiyo ni nzito na siipingi. Ninachosema ni kwamba bei ya dukani si bei yote. Jembe linalopinda kwenye udongo mgumu mwezi Novemba lina bei yake ya pili, na ile ya tatu ni siku ya mvua iliyopotea wakati mtu anatafuta jingine. Hapo ndipo fundi wa karibu ana nafasi: chuma kizuri, unene unaofaa udongo wa huku, mahali pa kurudisha likivunjika. Shoka la springi linapendwa na wakata mbao kwa sababu hiyo hiyo, wala hakuna sheria iliyowalazimisha. Kwa hiyo ulinzi ambao fundi huyu anauhitaji zaidi ni mdogo na wa kila siku: umeme usiokatika, mkopo wenye riba ya kibinadamu, chuma chakavu kisichosombwa chote kwenda mbali, halmashauri inayonunua madawati na mageti kwake, na mtu wa viwango anayemfundisha badala ya kumfungia.

Na chuo? Mhandisi wetu anahitimu akiwa anaijua tanuru ya Bessemer, hajawahi kusikia ilungu. Sidai kwamba turudi kuchoma chuma kwa miti, misitu yetu ina maumivu ya kutosha. Lakini kijana anayejua kwamba watu wa kijiji chao walitengeneza tanuru ya mita 3 inayojivutia hewa yenyewe, hawezi kuamini kirahisi kwamba viwanda ni kitu cha kuletewa. Ataanza kuuliza maswali mengine. Kwa nini tunakata utepe wa majengo? Kwa nini kiwanda kikifa tunagombania kiwanja, na hakuna anayeuliza mafundi wake wamekwenda wapi?

Waliofua chuma Unyiha hawakuacha majengo. Waliacha vibaki vya tanuru, mavi ya chuma shambani, na mikono ya wajukuu zao. Hayo mavi ya chuma bado mkulima huyagonga anapolima, kwa jembe lililotoka China.

Naomba kutoa hoja.